Malale, Malali, Malaria: Historia ya Maneno ya Tiba Kisangani

Maneno matatu yanayokaribiana kwa sauti hukutana Kisangani: malale, malali na malaria. La kwanza ni la Kiswahili. Limetokana na kitenzi kulala, nalo ni jina la ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, ambao humfanya mtu asinzie mchana na kukesha usiku hadi akili inapovurugika. La pili ni la Kilingala: ni neno maladie la Kifaransa lililolainishwa na ndimi za watu wa mtoni, na maana yake ni ugonjwa wowote ule. La tatu lilizaliwa Italia, ambako mala aria ni hewa mbaya, enzi watu walipoamini kwamba homa hutoka katika mvuke wa mabwawa. Maneno haya hayana undugu wa asili. Yalikutana kwa sababu wenye kuyasema walikutana, na walikutana penye maporomoko ya Mto Kongo.

Maporomoko ndiyo yaliyouweka mji pale ulipo. Meli zinazotoka Kinshasa hupanda mto kwa kilomita zipatazo 1,700, kisha zikifika Kisangani hazina njia tena, maana juu ya mji mto unashuka kwa ngazi saba za mawe, na ya mwisho ndiyo ya wavuvi Wagenia. Henry Morton Stanley alipita hapo Januari 1877 pamoja na wapagazi wengi waliotoka Zanzibar, na mwaka 1883 akarudi kutoka upande wa chini kuanzisha kituo. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili wa Nyangwe na Kasongo nao walishuka na mto kutoka upande wa juu. Mwaka 1887 Mfalme Leopold II wa Ubelgiji alimteua Hamed bin Muhammed el-Murjebi, anayejulikana zaidi kama Tippu Tip, kuwa gavana wa Stanley Falls, yaani eneo la maporomoko hayo. Wafuasi wake waliitwa Wangwana, na Kiswahili chao kikaitwa Kingwana. Vita vya 1892 hadi 1894 viliwaondolea Waarabu madaraka, lakini lugha haikuondoka. Wakati huohuo askari, mabaharia na makarani kutoka magharibi walikuwa wakipanda na lugha ya mto, ile iliyokuja kuitwa Kilingala. Juu ya zote mbili serikali ya Wabelgiji ikaweka Kifaransa, na chini yake zikabaki lugha za wenyeji: Kilokele, Kigenia, Kitopoke, Kikumu na nyinginezo.

Kwa hiyo mgonjwa wa Kisangani amekuwa akiishi katika lugha nne kwa pamoja. Nyumbani anaumwa kwa lugha ya ukoo wake, sokoni anasimulia maumivu kwa Kiswahili au Kilingala kulingana na mtaa, na kadi anayopewa hospitali imeandikwa Kifaransa. Tofauti hii haina uhusiano na elimu ya mgonjwa. Ni alama za njia ambazo mji ulijengwa nazo, na ubaya wake ni kwamba huonekana hasa mahali ambapo kukosea neno moja kuna gharama.

Mmoja wa watu wa kwanza kuyapanga maneno hayo bega kwa bega hakuwa daktari. Wamisionari wa Kibaptisti kutoka Uingereza walifungua kituo Yakusu, kwenye ukingo wa mto chini kidogo ya mji, katika miaka ya mwisho ya karne ya 19. Mmoja wao, Walter Henry Stapleton, alichapa hapohapo Yakusu mwaka 1903 kitabu kinacholinganisha lugha nane kubwa za Kongo pamoja na Kiswahili, kikiwa na orodha ya maneno 800 na visawe vyake vya Kiingereza. Lugha hizo nane ni Kikongo, Kibangi, Kilolo, Kingala, Kipoto, Kingombe, Kisoko na Kikele, ambayo ndiyo Kilokele. Ukweli kwamba Kiswahili kiliwekwa kando ya lugha hizo za mto, karibu miaka kumi baada ya kushindwa kwa Waarabu, unaonyesha jinsi lugha ya pwani ilivyokuwa imejikita katika bara.

Katika lugha hizo nyingi za Kibantu mzizi mmoja wa tiba unajirudia kwa namna ya kushangaza, nao ni -ganga. Kiswahili kina mganga, uganga na kuganga, kitenzi ambacho wasemaji wengi leo hukijua kutokana na methali inayotaka yajayo yagangwe na yaliyopita yasihesabiwe kuwa ndwele. Kilingala kina monganga. Kiswahili cha mashariki ya Kongo, ambacho hutamka viambishi kwa ukamilifu, kina munganga. Kilokele kina bonganga. Kwa sikio la haraka haya yote ni neno moja, lakini matumizi yake yameachana. Katika Kilokele bo- ni kiambishi cha mtu mmoja, kama katika boto, yaani mtu, ambaye wingi wake ni bato. Hivyo bonganga ni mtu anayetibu, na ndilo jina ambalo watu wa Yakusu walimwita Dkt. Stanley Browne, aliyefika mwaka 1936. Hata kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1958 kilipewa jina hilo. Katika Kilingala bo- hufanya kazi ya u- ya Kiswahili, ikijenga majina ya mambo yasiyoshikika, na hivyo bonganga ni uganga wenyewe, kazi na elimu ya kutibu. Mlokele akisema bonganga amekuja, msemaji wa Kilingala aweza kuelewa kwamba kilichokuja ni tiba, wala si tabibu.

Maana ya mganga nayo imegawanyika kati ya nchi na nchi. Kisangani, mtu akienda kwa munganga aghalabu anakwenda hospitali, na yule anayetibu kwa mizizi na majani hutajwa kwa neno la ziada, katika Kilingala nganga-nkisi. Pwani ya Afrika Mashariki mambo yamegeuka: mganga bila nyongeza kwa watu wengi ni mtu wa mitishamba au ramli, na wa hospitali ni daktari. Hata hivyo serikali ya Tanzania inalo bado jina la Mganga Mkuu kwa daktari anayesimamia afya ya mkoa au wilaya. Wakoloni wa Kibelgiji walitaka kuutenga ulimwengu mmoja na mwingine kwa kutumia Kifaransa, médecin upande mmoja na féticheur upande wa pili, na neno hilo la pili lilikuwa na dharau. Lugha za watu hazikuukubali utengano huo. Ziliendelea kumwita kwa mzizi mmoja kila anayeganga, na katika jambo hili lugha za watu zilikuwa na haki kuliko lugha ya ofisi.

Neno dawa lina historia nzito zaidi katika mji huu. Asili yake ni Kiarabu na lilifika na Wangwana. Mwenzake wa Kilingala ni nkisi. Yote mawili hutaja kidonge cha hospitali na pia kinga ya kienyeji, bila kubadili hata herufi. Agosti 1964 wapiganaji waasi walioitwa Simba waliuteka mji, uliokuwa bado ukiitwa Stanleyville, na wakaushikilia hadi tarehe 24 Novemba, askari wa miamvuli wa Ubelgiji waliposhuka. Wapiganaji hao walikuwa wamepewa dawa: maji waliyonyunyiziwa na chale zilizopakwa unga, pamoja na miiko mikali, ili risasi zigeuke maji. Mmoja wa waliosifika kwa kutoa dawa hiyo alikuwa mwanamke aliyeitwa Mama Onema, kutoka Maniema. Vitabu vya Ulaya vilivyosimulia vita hivyo viliacha neno dawa bila kulitafsiri, na wasomaji wa kigeni wakadhani ni neno la uchawi. Katika miezi hiyohiyo, wauguzi wa mji huohuo walikuwa wakigawa kwinini na kuiita dawa.

Hata chale na sindano zimeunganishwa na neno. Kuchanja ni kutia mkato mdogo katika ngozi, na mganga wa zamani alichanja ili kupaka dawa muda mrefu kabla ya chanjo ya serikali. Chanjo ya ndui ilipofika, nayo kwa kukwangua ngozi ya mkono, haikuhitaji jina jipya. Kilingala kilishika neno lake, mangwele. Katika miaka ya mwisho ya 1950 maabara ya tiba ya Stanleyville ilishiriki katika majaribio ya chanjo ya polio ya Hilary Koprowski, iliyotolewa mdomoni. Tangu hapo chanjo imekuwa pia tone la kumezwa, ambalo halichanji chochote. Mzazi anayeambiwa kwamba mtoto atachanjwa, kisha akaona mtoto anatiwa tone ulimini, ana sababu ya kuuliza ile chanjo yenyewe iko wapi.

Malale ndiyo yaliyoujenga utabibu wa Yakusu, na hapo ndipo majina yalipoanza kuwa kazi ya wataalamu. Mwaka 1903 Shule ya Tiba ya Tropiki ya Liverpool ilituma watafiti katika Dola Huru ya Kongo kuchunguza ugonjwa huo. Joseph Everett Dutton, ambaye awali alikuwa amekitambua kimelea cha malale katika damu ya mgonjwa huko Gambia, alisafiri na mwenzake John Lancelot Todd hadi Stanley Falls, na walipokuwa hapo mwishoni mwa 1904 wakathibitisha jambo jingine kabisa: kwamba homa fulani inayoondoka na kurudi huambukizwa na kupe laini anayeishi katika nyufa za sakafu za nyumba. Wote wawili waliugua homa hiyo, na Dutton akafa Kasongo Februari 1905, akiwa na umri wa miaka 30.

Homa hiyo nayo ina majina yanayohitaji uangalifu. Pwani mdudu huyo ni papasi, na ugonjwa ni homa ya papasi. Mashariki ya Kongo ripoti za wakati ule zilimwita kimputu. Kiswahili kinamtofautisha na kupe, yule mgumu anayeganda kwenye ngozi ya ng'ombe na mbwa. Tofauti ni ya maana sana, kwa kuwa kupe hukaa mwilini siku kadhaa na huonekana, lakini papasi hunyonya usiku kwa dakika chache kisha hurudi ufani. Mgonjwa akiulizwa kama ameumwa na kupe atajibu hapana, na atakuwa amesema kweli. Lugha ilikuwa imeshaweka wadudu hawa wawili mbalimbali kabla ya darubini kufika Stanley Falls.

Dkt. Clement Chesterman alifika Yakusu mwaka 1920 na akakaa hadi 1936. Mwaka huohuo wa 1920 Louise Pearce wa Taasisi ya Rockefeller alikuwa Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo, akiijaribu dawa mpya ya malale, triparsamidi, na Chesterman alikuwa miongoni mwa madaktari wa kwanza kuitumia vijijini. Ilifika mpaka kwenye ubongo, jambo ambalo dawa nyingi za awali hazikuliweza, lakini iliweza pia kuharibu neva za macho. Ili kujua kama ugonjwa umefika ubongoni, ilibidi kuchoma sindano mgongoni na kuvuta maji yaliyo ndani ya uti. Mgongo kwa Kilingala ni mokongo. Neno hilo, likiandikwa kwa herufi kubwa, ni Mkongo, mtu wa kabila la magharibi, na sikio la Mswahili husikia humo mgongo na Mkongo kwa pamoja. Kabla ya hapo mpimaji alikuwa ameshapapasa tezi za shingo, ambayo Kilingala huiita nkingo, karibu sana na kinga ya Kiswahili. Chesterman aliwafundisha vijana wa kienyeji kuwa wauguzi, akawapeleka katika zahanati zilizotapakaa kandokando ya mto, na ni hao, wala si yeye, waliobeba mzigo wa kutafsiri. Wao ndio walioamua kwamba kipimo fulani kiitweje kwa Kilokele na dalili fulani iandikwe vipi kwa Kifaransa. Majina yao hayamo katika historia nyingi za tiba, na hilo ni pengo la aibu.

Kilingala huuita ugonjwa huo malali ya mpongi, yaani ugonjwa wa usingizi. Hapo malali na malale vinakuwa karibu mno: neno la jumla la lugha moja linasikika kama jina mahususi la lugha nyingine, na mgonjwa anayesema tu kwamba ana malali hajasema lolote kuhusu usingizi. Malaria kwa upande wake haitajwi sana kwa jina hilo mjini. Watu husema palu, kifupi cha paludisme, neno la Kifaransa lililotoka katika jina la Kilatini la bwawa, au husema homa. Inafaa kukumbuka kwamba majina yote mawili ya Ulaya, la hewa mbaya na la bwawa, yametokana na kosa. Alphonse Laveran alikiona kimelea chenyewe mwaka 1880, na Ronald Ross akakiona ndani ya mbu mwaka 1897, lakini makosa ya zamani yalikuwa yameshakuwa majina na hayakubadilishwa.

Ugumu mkubwa zaidi, hata hivyo, umo katika sauti zisizoandikwa. Kiswahili hakina toni za kutenganisha maneno; Kilokele na Kilingala zinazo. John Carrington, mmisionari wa Yakusu aliyeandika mwaka 1949 kitabu kuhusu ngoma zinazosema, alieleza kwamba katika Kilokele neno lisaka laweza kuwa dimbwi, au ahadi, au sumu, kulingana na silabi zinazopandishwa sauti. Ngoma haina konsonanti wala vokali bali toni tupu, na ndiyo maana wapigaji walirefusha kila neno kuwa kifungu kizima ili lisichanganywe na lingine. Kalamu ya hospitali ilifanya kinyume chake: ilihifadhi konsonanti na vokali, ikatupa toni. Mgeni aliyejifunza Kilokele kwa maandishi alikuwa na neno moja kwa dimbwi na kwa sumu, naye ndiye aliyekuwa akimuuliza mtu amekunywa nini.

Kilingala cha wodini kimejaa maneno ya aina hiyo. Moto katika toni moja ni mtu. Sauti ikipanda mwishoni ni kichwa. O zikipanuka ni moto wa kuwaka. Muuguzi aliyekulia Bukavu kwa Kiswahili, akisikia mgonjwa analalamika juu ya moto, ataweka kipimajoto kwapani, kumbe kinachouma ni kichwa. Mabele yenye e nyembamba ni udongo, yenye e pana ni matiti, na wote wanaoandika bila alama huyaandika sawasawa. Kiswahili kisijisifu hapa, maana ziwa kwake ni bwawa kubwa na ni titi vilevile. Kisha kuna sanza, mwezi wa angani na wa kalenda. Kuuona, komona sanza, ni kupata hedhi, na Kiswahili nacho husema kuona mwezi. Lakini kosanza ni kutapika. Mwanamke aliye katika wiki za mwanzo za ujauzito hakuona sanza na bado anasanza, na mkunga asiyekijua Kilingala vizuri aweza kuandika kinyume cha alichoambiwa.

Ndani ya Kiswahili chenyewe maneno ya mwili yana koo zake, na nyingine ni za kweli. Mafua na kifua vimetoka katika shina moja. Pumu inatokana na kupumua, pamoja na pumzi na pumziko, na anayejifunza lugha ukubwani aangalie asiongeze b, maana pumbu ni kiungo kingine kabisa cha mwanamume. Ukoma na ukomo vinafanana, na wahubiri wengi wameshawishika kuvifanya kimoja, kana kwamba ukoma ni mwisho wa mtu. Browne alitumia miaka mingi kuonyesha kwamba si hivyo: katika kambi ya Yalisombo, ng'ambo ya mto kutoka Yakusu, alitibu wenye ukoma kwa dawa mpya za wakati wake. Kilingala huuita maba, neno ambalo halina kishawishi hicho. Homa ya manjano, homa ya ini na ugonjwa wa manjano ni mambo matatu, ingawa macho ya njano huyaunganisha yote katika mazungumzo ya watu.

Kipindupindu na pulupulu vinafanana kwa mwigo wa sauti na vyote viwili ni magonjwa ya tumbo, lakini haviko sawa kwa ukali. Pulupulu ya Kilingala ni kuhara kwa kawaida. Kipindupindu, kutokana na kupinduka, ni ule ugonjwa unaomaliza maji ya mwili kwa saa chache. Dkt. James Christie, aliyefanya kazi Zanzibar wakati wa mlipuko mkubwa wa 1869 na 1870, alichapisha mwaka 1876 kitabu kinachofuatilia safari ya ugonjwa huo kwa njia za misafara, na David Livingstone, aliyekuwa Maniema wakati huo, aliandika juu ya kuwasili kwake huko. Njia iliyoleta Kiswahili kwenye Mto Kongo ndiyo iliyoleta ugonjwa pamoja na jina lake.

Kisa cha kichocho kinastahili kusimuliwa, kwa kuwa kinaonyesha jina likitangulia na ugonjwa ukikataa kulifuata. Pwani kichocho ni kukojoa damu. Chesterman aliona mapema katika miaka ya 1920 kwamba wagonjwa wa Stanleyville wana mayai yanayofanana na yale ya kichocho cha mkojo, yenye mwiba mwishoni, lakini mayai hayo yako katika choo kikubwa. Mwaka 1934 Dkt. A. C. Fisher alieleza, kutokana na wagonjwa wa eneo hilohilo, kwamba huyo ni mnyoo wa aina yake, akamwita Schistosoma intercalatum, yaani aliyeingizwa katikati, kati ya wa mkojo na wa matumbo. Baadaye jina hilo likatumika pia kwa mnyoo wa Kameruni na nchi jirani, mpaka mwaka 2003 wanasayansi walipoona kwamba ni spishi mbili. Wa magharibi akapewa jina jipya, na wa Kongo akabaki na jina alilopewa kutokana na wagonjwa wa mto huu. Hata Kilatini, lugha ambayo madaktari huikimbilia ili wasichanganyikiwe, kilibeba maana mbili kwa miaka mingi. Mtu wa Kisangani aliyekuwa akisema hana kichocho, kwa kuwa hakojoi damu, hakuwa amekosea Kiswahili. Kiswahili ndicho kilichokuwa hakijaujua ugonjwa wake.

Kifaransa kimeleta mafumbo yake. Variole ni ndui, varicelle ni tetekuwanga, na la pili ni kipunguzi cha la kwanza. Vérole ni kaswende, ingawa petite vérole ya zamani ilikuwa ndui tena. Rougeole ni surua, ambayo Kilingala huiita kantembele, na rubéole ni rubela. Kisonono kilipata jina la Kilingala sopisi kutokana na chaude-pisse, maneno ya mitaani ya Kifaransa, na leo wanaolitumia wengi hawajui kwamba waliokuja nalo walikuwa wazungu. SIDA ilipofika katika miaka ya 1980, Wakongo walilichukua neno lilivyo, wakati Tanzania ilikuwa ikiunda ukimwi, yaani ukosefu wa kinga mwilini. Sida na shida zinapishana kwa h moja, na katika lafudhi za Katanga, ambako s mbele ya i huwa sh, hazipishani kabisa. Mtu aliyesema ana shida aliweza kusikika ametaja ugonjwa uliokuwa ukiwafanya watu wafukuzwe nyumbani. Kinshasa vijana waliifasiri SIDA kwa Kifaransa kuwa njama ya kubuniwa ili kuwakatisha tamaa wapendanao, na ufasiri huo ulisambaa nchi nzima, kwa madhara makubwa.

Mpox ni fundisho la karibuni. Virusi vyake vilitambuliwa mwaka 1958 katika maabara ya Copenhagen, ndani ya nyani waliosafirishwa, na mgonjwa wa kwanza wa kibinadamu alikuwa mtoto wa Basankusu, Kongo, mwaka 1970. Kwa hiyo ukaitwa variole ya nyani, ingawa wanyama wanaoshukiwa zaidi kuuhifadhi ni wadogo, kama panya na kindi. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza jina mpox Novemba 2022, na tarehe 14 Agosti 2024 likatangaza dharura ya kimataifa kutokana na mlipuko uliokuwa ukienea kutoka Kongo. Jina jipya halimsingizii nyani, lakini halimwambii msemaji wa Kiswahili wala wa Kilingala kwamba huu ni wa ukoo wa ndui. Mzazi anayeona malengelenge huuliza kwanza kama ni tetekuwanga au ni surua, na jibu linahitaji majina yote manne katika lugha zote tatu.

Kiswahili kina kamusi za tiba. Kamusi ya Tiba ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, Dar es Salaam, ya mwaka 2003, ni kazi ya heshima, lakini imepangwa kwa kuanzia Kiingereza, na muuguzi wa mtaa wa Makiso, Mangobo au Lubunga mjini Kisangani amesomeshwa kwa Kifaransa na anahudumia watu kwa Kiswahili na Kilingala. Chuo Kikuu cha Kisangani, ambacho mizizi yake ni chuo cha Kiprotestanti kilichofunguliwa mwaka 1963, kina walimu wa tiba na walimu wa lugha katika mji mmoja. Wakae pamoja na wauguzi wakongwe na wakunga wa pande zote mbili za mto, waandike kamusi ya tiba ya Kisangani katika Kifaransa, Kiswahili, Kilingala na Kilokele, na waweke alama za toni kila mahali ambapo toni ndiyo inayotenganisha sumu na ahadi.